Mtu Anayetungojea

Kila siku, mbele ya mlango wanamotokea wasafiri katika Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, husimama safu ya watu walioshika vibao. Vingine ni vya mbao, vingine ni vipande vya kadibodi, na siku hizi vingine ni simu zilizoinuliwa juu na maandishi yaking'aa. Juu ya kila kibao pana jina la mtu, na aghalabu jina hilo limekosewa herufi moja au mbili, kwa kuwa aliyeliandika hajapata kumwona mwenye jina wala kulisikia likitamkwa kwa kinywa chake. Watu hawa ni madereva. Wamekuja kuwachukua wageni walioagiza gari mapema ili wapelekwe Diani, au Kilifi, au Watamu, au Malindi. Mwenye kupita kwa haraka huwaona kama sehemu ya jengo, mfano wa nguzo na viti. Mimi naomba, msomaji, tusimame nao kitambo kidogo, kwa maana katika kazi yao limo swali lililowashughulisha wenye hekima kwa karne nyingi: Je, ahadi iliyotolewa kwa mtu usiyemjua, ambaye yamkini hutamwona tena maishani, ina uzito gani?

Kuagiza gari ni jambo jepesi kwa anayeagiza. Ameketi nyumbani kwake Nairobi, au London, au Berlin, juma moja kabla ya safari. Hutaja siku, namba ya ndege, saa ya kutua, hesabu ya watu na ya mizigo. Dereva hutaja bei. Msafiri hujibu, “Sawa,” kisha huligeukia jambo jingine, na neno lile humtoka moyoni kama vile mtu atemavyo kokwa la tunda alilokwisha kula.

Kwa dereva neno lilo hilo ni mwanzo wa kazi. Kama makao yake ni Diani, hana budi kutoka Ukunda, kupita Tiwi na Ngombeni mpaka Likoni, kungoja feri, kuvuka mlango wa bahari wa Kilindini, kukikata kisiwa cha Mombasa, kutokea Makupa, kisha Changamwe, ndipo afike uwanjani. Ni mwendo wa kiasi cha kilomita 40, naye huuenda gari likiwa tupu. Pale Likoni mtu wa miguu huvuka bure, lakini gari hulipiwa. Na kila aliyekaa katika msururu ule jua la mchana likichoma anajua kwamba pana ada nyingine isiyoandikwa katika tikiti. Tangu mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu, yenye daraja la Mwache na daraja la Mteza, imewapa wenye magari njia ya kwenda pwani ya kusini bila kupanda feri, na wengi wamepumua. Lakini hata barabara njema hunywa mafuta, na saa zilizopita haziendeshwi kurudi nyuma. Tena liko jambo lisiloonekana barabarani: dereva akisema ndiyo kwa mgeni mmoja, amesema hapana kwa wote watakaomwita saa ile ile. Ahadi yake imeziba mlango wa riziki nyingine kabla hajapokea hata senti moja.

Nasema haya kwa kujishitaki. Mwaka 2016 nilialikwa harusini Diani, nikaagiza gari kwa mzee mmoja wa Ukunda ambaye namba yake ya simu nilipewa na jamaa yangu. Tulipatana shilingi 3,500. Ndege ilipokuwa angani nilijikuta nimeketi karibu na rafiki wa zamani tuliyesoma naye shule moja. Yeye alikuwa akienda Msambweni, na gari la ndugu yake lilikuwa likimngoja. Akaniambia, “Diani iko njiani. Mbona utupe fedha?” Tulikuwa hatujaonana kwa miaka kumi na mbili. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Tulitua saa kumi na moja ya jioni. Tulipotoka mlangoni niliona jina langu. Lilikuwa limeandikwa kwa wino mzito juu ya ubavu wa kasha la kadibodi, na herufi moja ilikuwa imekosewa. Aliyelishika alikuwa mzee mrefu mwenye kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono. Alikuwa akimtazama usoni kila mtu aliyetoka, na mimi pia alinitazama. Macho yetu yalikutana kwa nukta moja. Niliyainamisha yangu nikapita. Tulipokuwa katika msururu wa Likoni simu yangu ililia mara tatu, na kila mara niliitazama mpaka ikanyamaza. Ilipolia mara ya nne niliizima.

Nikiwa ndani ya feri nilijitafutia udhuru, na udhuru haukukosekana. Hakuna bidhaa iliyo rahisi kuliko hiyo. Nilijiambia kwamba kungoja ni kazi yake, na kila kazi ina siku zake mbaya. Nilijiambia kwamba abiria ni wengi uwanjani, hakosi kupata mwingine. Nilijiambia kwamba sikuchukua kitu chake, maana hakunipeleka mahali nami sikumlipa, basi tuko sawasawa kama tulivyokuwa kabla hatujajuana. Udhuru ulionituliza kuliko zote sikuuweka hata katika maneno: mzee yule hakujua sura yangu. Niliweza kukutana naye kesho sokoni Ukunda, akanisalimu, nikamwitikia, na asijue.

Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii hutumika penye kugawana kitu, kumwonya mtu kwamba akikosa kuhudhuria fungu lake litasahauliwa. Kwa habari ya ugawaji nadhani inasema kweli juu ya tabia ya walimwengu. Lakini mtu akiipeleka kwenye ahadi, inaangamiza ahadi yote. Kwani ahadi ni nini, kama si njia ya kulinda jambo la mtu asiyekuwapo? Mtu aliye mbele yangu hahitaji ahadi. Ananiona, ananishika mkono, anadai chake. Anayehitaji neno langu ni yule ambaye mimi niko hapa na yeye yuko kule, mimi leo na yeye kesho.

Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliyeandika juu ya ahadi katika kitabu kilichomalizika kutolewa mwaka 1740, alitoa mfano wa wakulima wawili majirani. Nafaka ya mmoja imeiva leo, na ya mwenziwe itaiva kesho. Ingewafaa wote wawili kusaidiana kuvuna. Lakini kwa kuwa hawapendani wala hawaaminiani, kila mmoja hubaki shambani peke yake, na mavuno hupotea pande zote mbili. Hume aliona kwamba watu walibuni ahadi ili kuponya hasara ya namna hii, na kwamba kinachowafunga kwanza ni faida yao wenyewe: anayevunja neno hataaminiwa tena. Maelezo haya yana nguvu kwa majirani. Kesho yake watakutana tena mpakani, na kesho kutwa pia. Lakini msafiri na dereva si majirani. Mmoja anapita, na upepo unafuta nyayo zake.

Watu wa zama zetu wameliona pengo hili, nao wamejaribu kuliziba kwa ustadi. Katika programu nyingi za kuagizia magari, msafiri humpa dereva nyota baada ya safari, na mahali pengine dereva naye humpa msafiri. Hivyo mtu anayepita huachiwa alama inayomfuata, na dunia yote hufanywa kijiji kimoja ambamo sifa ya mtu hutangulia kabla yake. Sikidharau chombo hiki. Kimewaokoa wageni wengi na walaghai. Ila najiuliza, je, mtu anayetimiza neno lake kwa kuogopa nyota ametimiza ahadi, au ametunza nyota zake? Mzee wa Ukunda hakuwa na programu wala nyota. Alikuwa na kasha la kadibodi na neno langu.

Immanuel Kant, Mjerumani aliyeandika mwaka 1785, hakuuliza habari ya faida. Yeye alimtaka mtu aitazame nia yake kana kwamba imekuwa sheria ya watu wote. Chukua mtu anayeahidi huku akijua hatatimiza: kama wote wangefanya hivyo, ahadi isingesadikiwa na mtu yeyote, na uwongo wake mwenyewe usingemfaa kitu. Mimi sikuahidi kwa nia ya kudanganya, na kwa hilo naweza kujitetea kidogo. Lakini kanuni niliyoifuata jioni ile, nikiiandika kwa maneno yaliyo wazi, ni hii: Nitatimiza neno langu isipokuwa limepatikana jambo lililo rahisi zaidi na aliyeahidiwa hanijui uso. Kama kila abiria wa ndege ile angeifuata, madereva wote wangerudi na magari matupu, na juma lililofuata pasingekuwa na kibao hata kimoja mlangoni.

Hayo si mambo ya kubuni. Kwa sababu ya watu wa namna yangu, wenye magari wengi siku hizi hutaka arubuni, yaani sehemu ya malipo inayotangulia. Neno hili lina ukoo mrefu. Sisi tumelipata kwa Waarabu. Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa nalo kwa sura inayokaribiana na hiyo. Na Wafaransa mpaka leo wana jina la ukoo huo huo kwa fedha za kutanguliza. Sheria yao imeweka mizani ya pande mbili: mnunuzi akivunja mapatano hupoteza arubuni aliyoitoa, na muuzaji akivunja huirudisha maradufu.

Wanazuoni wa Kiislamu walihitilafiana juu ya arubuni, na hitilafu yao naona imegusa kiini cha jambo letu kuliko vitabu vingi vya falsafa. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, pamoja na ya Hanafi na ya Maliki, yalikataa muuzaji kuishika arubuni ya mnunuzi aliyejitoa, kwa hoja kwamba huko ni kula mali ya mtu bila badala. Madhehebu ya Hanbali yaliruhusu. Tazama mzozo ulipo: Je, kungoja ni kitu, au si kitu? Ikiwa si kitu, basi aliyeshika arubuni amechukua fedha za bure. Ikiwa ni kitu, basi ameuza sehemu ya umri wake, na fedha ile ni bei yake. Jioni ile katika feri mimi nilikuwa upande wa wale waliosema kungoja si kitu, lakini si kwa elimu wala kwa uchaji.

Msomaji aweza kusema kwamba jawabu ni jepesi, tuweke bei juu ya kungoja na kila mtu alipe. Nami nilidhani hivyo mpaka niliposoma habari ya shule za watoto wadogo katika mji wa Haifa, Israeli. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, waliichapisha mwaka 2000. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni, na walimu wakalazimika kukaa wakiwangojea. Katika baadhi ya shule iliwekwa faini kwa kila anayechelewa. Waliochelewa hawakupungua, waliongezeka. Faini ilipoondolewa baadaye, hawakurudi kuwa kama zamani. Inaonekana kwamba kabla ya faini mzazi alimwonea haya mwalimu aliyekaa akimngojea. Baada ya faini alijiona mteja aliyenunua saa moja zaidi. Fedha iliingia mahali pa haya, na ilipotoka haya haikurejea kitini pake. Kwa hiyo sisemi kwamba arubuni ni mbaya. Dereva ana watoto na gari lina madeni. Nasema tu kwamba mtu aliyelipa arubuni asidhani amenunua ruhusa ya kupita na kuyainamisha macho.

Haki inanitaka niseme pia kwamba wavunjao ahadi si wasafiri peke yao. Wapo madereva waliompa mtu neno, kisha akatokea mgeni mwenye fedha nyingi zaidi, wakamchukua huyo, na mama mwenye watoto wawili akabaki uwanjani usiku bila kujua pa kwenda. Tena ziko siku ambazo hakuna mwenye kosa. Ndege huchelewa kwa mvua au kwa ubovu wa mtambo, na dereva amekwisha fika. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unampa abiria njia ya kulidai shirika la ndege hasara iliyomfika kwa kucheleweshwa. Mtu mwenye kibao hakukata tikiti, na mkataba haumwoni. Hasara yake humwangukia yeye, isipokuwa msafiri akumbuke kwamba yuko.

Pwani hii inajua kungoja. Kabla ya meli za moshi, majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na mfanyabiashara aliyemkopesha nahodha mali yake alingoja mpaka upepo ugeuke mara mbili. Nahodha akienda bahari humficha, na hakuna awezaye kumfuata. Biashara iliendelea hata hivyo, na sidhani iliendelea kwa sababu watu wa zamani walikuwa malaika. Tofauti yetu na wao ni kwamba nahodha aliyebadilisha nia hakuwa na njia ya kumpasha habari aliyemngoja. Mimi nilikuwa na simu mfukoni.

Hapo ndipo nilipokosea hasa, nami nilichukua muda kupatambua. Kosa langu halikuwa kupanda gari la rafiki. Mipango ya wanadamu hubadilika, na ahadi ya gari si kiapo cha ndoa. Ahadi ina mlango wa kutokea, lakini ufunguo wake hauko kwa aliyeahidi, uko kwa aliyeahidiwa. Ningesimama mbele ya mzee yule dakika moja, nikamwambia, “Mzee wangu, ni mimi huyu; nimekutana na rafiki; nifungue, nami nitakulipa gharama za kuja,” nina yakini angenifungua. Pengine angecheka. Angepata nafasi ya kutafuta abiria mwingine mapema, ndege zingali zikitua. Badala yake nilijifungua mwenyewe kwa ufunguo usio wangu, na yeye akabaki amefungwa. Kwani yeye aliendelea kuitimiza ahadi ambayo mimi nilikuwa nimekwisha kuiua, naye hakuwa na habari ya msiba.

Asubuhi ya pili, kabla ya harusi, niliwasha simu. Palikuwa na ujumbe. Baada ya salamu alikuwa ameandika: “Bwana, nimekungoja mpaka ndege ya saa nne ya usiku, sikukuona. Nina wasiwasi. Naomba Mungu uwe umefika salama.” Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi yangenisaidia, maana mtu akitukanwa huhisi kwamba deni limepungua. Kumbe saa zile tano hakuwa akinihesabia hasara tu, alikuwa akinihofia.

Nilimtumia shilingi 3,500 zote kwa simu, nikaandika kwamba nilipatwa na dharura na kwamba naomba radhi. Baada ya muda mfupi simu ililia tena. Alikuwa amenirudishia shilingi 2,300 pamoja na maneno haya: “Nimechukua ya mafuta, ya feri na ya kuegesha gari. Safari hatukuifanya.”

Nimefikiri sana juu ya zile shilingi 2,300. Wanazuoni wa madhehebu yake wangesema amehukumu sawasawa. Mimi naona alikosea kwa upande mmoja, maana saa zake zilikuwa kitu, na alizitoa. Lakini kwa kukataa kuzipokea fedha zile aliniondolea bei ambayo nilitaka sana kuilipa, na sikuwa na nyingine ya kumpa isipokuwa kweli, nayo sikuitoa. Ile “dharura” niliyoiandika ilikuwa uwongo.

Mwaka uliofuata niliagiza gari kwake tena. Ndege ilichelewa kwa saa mbili, nami nilimpigia simu kutoka Nairobi kabla hatujaruka. Nilipotoka mlangoni alikuwa amesimama pale pale, kofia ile ile, kibao kipya, na herufi ile ile imekosewa. Njiani alinieleza habari za wajukuu wake na bei ya samaki. Tulipofika Likoni alizima gari tukangoja feri, na hapo aliniuliza kwa upole kama ile dharura ya mwaka jana ilikwisha salama. Nilimwambia ndiyo.

Mpaka leo hajui kwamba nilimwona.